Kuchakulo na Alama ya Pembe Sita

Paukwa!
Pakawa!
Nimekuja na kapu!
Litue tulione!
Mna kashata ndani yake!
Tugawie!
Utamu wa kashata uko ulimini, au uko jinani?
Simulia, tupime!

Hapo kale, zamani za kale, wanyama walipokuwa na magulio yao, aliishi Kuchakulo, mjane mwenye watoto watatu. Kuchakulo alikuwa fundi wa kashata. Alikaanga karanga, akazipeta, akazichanganya na sukari guru, akazikata vipande vilivyolingana sawasawa.

Lakini hazikununuliwa. Wanyama walimpita, wakaenda kupanga mstari mbele ya asali ya Nyuki. Asali ile ilifungwa kwa majani yenye alama ya pembe sita, na palipo na alama ile hapakuwa na mnunuzi aliyeuliza swali.

Kiboko, mkuu wa gulio, akamjia. "Bi Kuchakulo, sheria unaijua. Anayerudi nyumbani na kapu lisilo tupu magulio matatu mfululizo, nafasi yake hupewa mwingine. Leo ni la kwanza."

"Nimesikia, mzee. Lakini si husemwa chema chajiuza?"

"Husemwa," akajibu Kiboko. "Basi kiambie kianze."

Kuchakulo hakuwa mtu wa kuliacha jambo bila kulichunguza. Alipofika nyumbani aliikata kashata moja vipande viwili. Kipande kimoja alikiweka juu ya jani tupu. Cha pili alikiweka juu ya jani lililowahi kufungiwa asali, sasa limeoshwa, lenye alama. Akamwita jirani yake Digidigi.

"Shoga, kipi kitamu?"

Digidigi akatafuna huku, akatafuna kule, akaelekeza pua kwenye alama. "Hiki. Kile kingine kimekosa kitu."

"Kimekosa nini?"

"Sijui, shoga. Lakini kimekosa."

Kuchakulo akastaajabu. Kashata ni moja, kisu ni kimoja, na ulimi ni mmoja! Alama hii ina nini? Akafunga safari hadi mzingani.

"Hodi!"

"Hodi ya kununua au ya kuiba?" akauliza Nyuki mlinzi.

"Ya kuomba. Naomba kutumia alama yenu."

"Uitie wapi?"

"Popote itakaponifaa."

"Popote si mahali, bibi. Nenda ukafikiri."

Akaenda, akafikiri, akarudi. "Hodi! Naiomba kwa kashata za karanga tu, katika gulio la Kiboko tu, mpaka masika."

Safari hii Malkia wa Nyuki alitoka mwenyewe. "Sasa unasema. Na mnunuzi wako ni nani?"

"Yeyote apitaye," akasema Kuchakulo.

"Nenda ukamjue," akasema Malkia.

Gulio la pili likafika. Kuchakulo akawauliza wanunuzi wa asali, mmoja baada ya mwingine: "Mama, kwa nini hii?" Wote walimjibu jibu moja: "Kwa sababu hii sina haja ya kuionja kabla ya kumpa mtoto."

Jioni kapu lake lilikuwa limejaa vilevile. Kando yake, kapu la Nguchiro lilikuwa tupu. Nguchiro aliuza kashata za karanga zilizovunda, lakini kila jani alilichora pembe sita kwa mkaa.

"Dada, kapu lako limeota mizizi?" akacheka Nguchiro.

"Umepewa ruhusa, wewe?"

"Ruhusa ya kuchora mistari sita? Kwani mistari kaiumba Nyuki? Shika mkaa, uchore. Usipochora, gulio lijalo nafasi yako naichukua mimi, na hata pa kukanyaga sikuachii."

Kuchakulo akawakumbuka wanawe. Akashika mkaa. Akachora mstari wa kwanza, akachora wa pili, akachora wa tatu. Mkono ukasita. Akajiuliza: mama akiila hii akakunja uso, atamtaja nani? Hatanitaja mimi. Atamtaja Nyuki, ambaye hata hakuipika.

Akaifuta mistari ile, akabeba kapu lake, akarudi mzingani mara ya tatu.

"Hodi! Mnunuzi wangu nimemjua. Ni mama anayetaka kununua bila hofu."

Malkia akatabasamu. Nyuki wakalipekua kapu zima, wakatoka na karanga moja chungu.

"Moja tu, Mama!" akalalamika Kuchakulo.

"Ndiyo, moja. Lakini atakayeipata, hiyo ndiyo kashata yake yote."

Kuchakulo akarudi kuchambua upya, punje kwa punje. Alipomaliza, wakapatana. Katika kila kashata kumi zitakazouzwa, moja ni ya mzinga. Hata zisipouzwa, mzinga usikose konzi moja ya kashata. Kabla ya kila gulio kapu litapekuliwa. Masika yakifika, ruhusa imekwisha mpaka wapatane tena. Na alama haichorwi: itagandamizwa kwa nta ya mzinga wenyewe.

Gulio la tatu, Nguchiro alipoyasikia masharti hayo, alishika mbavu. "Unapekuliwa kama mwizi, kisha unalipia! Nguo ya kuazima haisitiri matako, dada!"

Kuchakulo akauza. Kapu likafika nusu. Mara mtoto wa Pofu, aliyekuwa akila kashata, akaanguka, akatapika.

"Nyuki ametulisha sumu!" mama yake akapiga ukelele.

Wanyama wakayatupa majani yenye pembe sita, ya huku na ya kule, wakayakanyaga. Kiboko akasimama juu ya kapu la Kuchakulo. "Nusu bado imejaa, Bi Kuchakulo. Na jua linashuka."

Kuchakulo hakukimbia. Akapaza sauti: "Mama Pofu! Kabla hujamtaja mtu, linuse jani la mwanao!"

Mama Pofu akalinusa. "Mkaa."

"Nusa na langu."

Akalinusa. "Nta!"

Wakati huo Nyuki walikwisha kusikia jina lao likitukanwa. Wakaja wingu zima. Wakatua juu ya kashata za Kuchakulo, wakanusa, wakaziacha. Wakatua juu ya kashata za Nguchiro, wakanusa, wakamwendea mwenyewe. Walimchoma puani, wakamchoma masikioni, wakamchoma mahali ambapo hata leo hapatajwi mbele ya wakwe. Ndiyo maana nguchiro hawezi kutulia: kila mara husimama kwa miguu miwili, akageuza shingo, akalitazama anga.

Mama Pofu alimpa mwanawe maji, kisha akanunua kashata za nta. Wengine wakamfuata. Jua lilipozama Kiboko aliinama, akachungulia kapuni, akaona jani moja tu, nalo halina kitu.

"Kaa, mama," akasema. "Nafasi ni yako."

Wasikilizaji wangu, jina la mtu ni nyumba yake. Anayetaka kuingia abishe hodi, aseme atafanya nini humo, tena akubali kupekuliwa. Maana atakachokiharibu ndani, ataulizwa mwenye nyumba.

Kapu langu nimelimaliza. Likiwakolea, wagawieni na wengine. Mkikuta karanga chungu, asitajwe mwingine, nitajwe mimi.