Matanga ya Vitunguu vya Atuganile

“Mzika kitunguu hakai matanga.” Jana mlimsikia fundi Mahenge akimwambia hivyo binti yake, aliyekuwa akilia kwa kukosa nafasi ya chuo, nanyi mkaniuliza vitunguu na matanga vimekutana wapi. Vilikutana hapahapa Makete. Methali hii ilianza hivi, na sikuhadithiwa na mtu, maana wakati huo nilikuwa mke mpya katika nyumba jirani na kwa Atuganile.

Atuganile alikuwa mtu wa ziwani, huko chini Nyasa ambako joto huwatoa watu wakalala nje. Lutengano Sanga alimwoa akampandisha huku kwenye viazi na ukungu. Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, na bado usiku alikuwa akisogea karibu na jiko. Katika mzigo wake wa harusi alikuja na kikapu kidogo chenye vitunguu kumi na kimoja. Si vya mchuzi. Vilikuwa vitunguu vya maua.

Mama yake, Ikupa, alipewa vitunguu hivyo na mkunga mgeni aliyekuwa akirudi kwao, nchi ya mbali yenye baridi. Aliambiwa vitatoa maua, hakuambiwa lini. Kwa miaka saba alivipanda karibu na ziwa, akavimwagilia, akavijengea kivuli. Vilitoa majani mazuri, marefu, ya kijani kibichi. Ua, hata moja, hakuliona. Siku binti yake alipoolewa alimkabidhi kikapu, akasema, “Nenda navyo. Labda mkono wangu vimeukataa.”

Mwaka wa kwanza Atuganile hakuvipanda. Aliionea huruma mizizi ya kwao, akakitundika kikapu juu ya jiko kipate joto. Mwaka wa pili, mwezi wa pili, zikaja habari kwamba Ikupa amefariki. Atuganile alikuwa na mimba iliyofikia siku zake, na mvua ilikuwa imekata barabara ya mlimani. Walio chini walimzika mama yake bila yeye. Siku ya tatu akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Ikupa. Tukaja na vigelegele, tukaja na kuku na uji wa mzazi. Hakuna aliyekumbuka kumpa pole. Hata mimi sikukumbuka.

Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha na baridi ikianza kuuma, nilimwona akilima kitalu upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, mtoto yuko mgongoni. Alipima kina cha kila shimo kwa kiganja. Alikifukia kila kitunguu taratibu, akaupapasa udongo juu yake. Nilimsalimu, hakunisikia.

Mwezi wa sita majani yakachomoza. Mwezi wa saba ikapiga jalidi, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi. Tuliamka viazi vyote vimekuwa vyeusi. Majani ya Atuganile yalikuwa yamelala chini, laini, kama mboga iliyochemshwa. Akapiga yowe.

Yowe la asubuhi mnalijua maana yake. Nilichota unga, jirani yetu Mama Yodi akajitwika kuni, na jua lilipoyeyusha ule weupe tulikuwa wanawake kumi mle ndani. Atuganile alikuwa ameketi sakafuni, kanga kichwani. Tukaanza kulia kabla hata ya kuuliza. Kisha Mama Yodi akamtazama mtoto, ananyonya kwa nguvu. Akamtazama Lutengano, amesimama mlangoni mzima.

“Kwani aliyefariki ni nani?” akauliza.

“Vitunguu vya mama,” Atuganile akajibu.

Kuna mtu alicheka. Ni mimi, na mpaka leo naona aibu.

Mama mkwe wake, Bi Onolina, hakucheka. Alichukua kijembe akatoka, akarudi na kitunguu kimoja chenye udongo, akamwekea kiganjani.

“Kibonyeze, mwanangu.”

Atuganile akakibonyeza. “Kigumu,” akasema. Akakipima mkononi. “Mama, kimekuwa kizito kuliko siku niliyokipanda.”

“Kilichokufa huoza. Hiki kimelala. Maua yetu ya uwanda huu wa juu nayo hulala ardhini hivihivi kila mwaka, na hatuyalilii. Mzika kitunguu hakai matanga.”

Tukadhani amemaliza, tukaanza kukusanya kanga zetu. Lakini Bi Onolina akavua viatu akaketi sakafuni, bega kwa bega na mkwe wake.

“Ila mama yako hatukumlilia,” akasema. “Tulikula kuku wa uzazi tukasahau msiba. Nisamehe. Matanga ya leo ni ya Ikupa.”

Hapo Atuganile alilia kilio kingine, cha chini, cha muda mrefu. Tulikaa naye siku tatu, naye akatusimulia mama yake alivyokuwa.

Mwezi wa tisa, mvua bado haijakaribia, alituita asubuhi. Hakupiga yowe. Alipita nyumba hadi nyumba akisema kwa sauti ndogo, “Njooni.” Tukaenda.

Majani mapya yalikuwa yamesimama, na katikati yake yametoka maua. Meupe, jamani. Kila ua lina kikombe cha njano ndani, na baridi ile yote ilikuwa inanukia. Wazee walivua kofia bila kuambiwa. Bi Onolina, aliyejua kila ua la uwanda huu kwa jina, alipiga magoti kwenye udongo, akalitazama moja kwa muda mrefu bila kuligusa.

“Hili silijui,” akanong’ona.

“Miaka saba mama aliyakinga na jua,” Atuganile akasema, “nami nikayaficha jikoni nikiiogopa baridi. Kumbe baridi ndiyo yalikuwa yakiingoja.”

Niliitazama ardhi chini ya miguu yangu, nikaona kwamba tangu nizaliwe nimekuwa nikikanyaga juu ya vitu vinavyopumua.

Basi, aliyekufa ana haki ya kuliliwa, msimnyime. Lakini kabla hujafunga kanga kichwani, fukua kwanza, ubonyeze. Mzika kitunguu hakai matanga.