Fisi na Banda la Vyumba Viwili

Nianze?
— Anza!
Nikiiharibu?
— Tutaitengeneza!

Basi mna kazi. Hadithi hii wenzangu wakiisimulia, watu hushika mbavu. Nikiisimulia mimi, watu huuliza kama chakula kimeiva. Mniwie radhi mapema.

Hapo kale palikuwa na Bi Kanga, mwenye mayai mengi na wasiwasi mwingi zaidi. Akatafuta mbwa wawili wa ulinzi. Mmoja akamwita Pole, wa pili Samahani. Akawajengea banda la vyumba viwili, katikati mlango wa kuinua kwa kamba, na kamba yenyewe iko nje. Akamwajiri Nguchiro, kinyama kisichozidi mwiko wa ugali, awatunze.

"Sikiliza, baba," akamwambia. "Mbwa wakiwa chumba cha ndani, wewe fagia cha nje, weka sufuria ya mifupa, toka, tia komeo. Ndipo uvute kamba. Usiingie walipo hata siku moja. Sitaki kutafuta mfanyakazi mwingine."

Kazi ikaenda vizuri, mpaka Fisi aliponusa mifupa.

Jioni Nguchiro anapita na sufuria, Fisi huyo!

"Mpwa wangu! Sufuria!"

"Ni ya mbwa, mjomba."

"Sufuria, au wewe?"

Nguchiro akatoa sufuria. Kafu, kafu, kafu! Fisi akala, akalamba, akaenda zake.

Jioni ya pili, huyo tena!

"Mpwa wangu! Sufuria!"

"Mbwa wana njaa, mjomba."

"Sufuria, au wewe?"

Kafu, kafu, kafu!

Mbwa wakalala njaa, wakashinda njaa. Nguchiro akifagia, Pole anamchungulia chini ya mlango kama mtu anavyotazama mchuzi. Samahani keshaanza kuutafuna mlango wenyewe. Kru, kru, kru. Nguchiro akaupima ubao kwa macho: umebaki mwembamba. Nje kuna Fisi, ndani kuna mbwa, na mnofu ulio karibu na wote ni yeye.

Jioni ya tatu akaiweka sufuria chumba cha nje, akauacha mlango wa nje wazi, akasimama kando.

"Mpwa wangu! Sufuria!"

"Leo nimekutengea ndani, mjomba. Mtu mzima kula umesimama uani, majirani watanisema."

"Naona umeanza kupata adabu. Na hao mbwa?"

"Wako chumbani kwao, wamefungiwa."

Hapo hakusema uongo hata neno moja.

Fisi akaingia. Kafu, kafu... Kacha! Komeo.

"Mbona unafunga?"

"Nzi, mjomba."

"Na hiyo kamba ya nini?"

"Ni utaratibu wa kazi tu. Sufuria ikishawekwa, kamba huvutwa."

Akaivuta. Kwiiii!

"Hwau! Hwau! Mama yangu! Hwau!"

Fisi akatokea kwenye tundu la hewa lisilompitisha hata paka. Mbele kulipita vizuri; nyuma kulichelewa. Ndiyo maana mpaka leo mabega yake yako juu, makalio yako chini, na akilia watu hudhani anacheka.

"Kesho saa hizi hizi, mjomba?" Nguchiro akauliza.

Mjomba alikuwa ng'ambo ya kilima.

Hadithi imeishia hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda ampe jirani. Funzo lake ni ukarimu: mgeni akija na njaa, msimlishe nje kama mwizi. Mwingizeni ndani, mfungieni mlango, ale kwa utulivu. Na msipopata mgeni mwingine maisha yenu yote, msimlaumu Nguchiro. Yeye alikuwa kazini. Mliofundishwa na mimi ni nyinyi.