Taji la Majani la Mfalme Kiboko

Nina ngano, jamani!
Itoe tuione!
Nije nayo au niiache?
Njoo nayo, mkeka upo!

Basi imefika, imeketi. Sogeeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama sisi, mto mmoja ulikuwa na mabwawa matatu, na kila bwawa lilikuwa nchi. Bwawa la Juu alitawala Mamba. Bwawa la Kati alitawala Nyati. Bwawa la Chini alitawala Kiboko, na huko ndiko alikoishi Mama Kanga na vifaranga wake tisa.

Sheria ya Kiboko ilikuwa moja: hanywi mtu mpaka mfalme aoge. Na Kiboko akioga, anaoga! Jua linapanda, linasimama, linaanza kushuka, yeye bado anajigeuza. Akitoka, maji yamekuwa tope. Vifaranga walikunywa tope, wakakohoa tope. Mdogo kabisa alikuwa hasimami tena.

Siku moja habari ikashuka na mto. Mamba kazeeka, kawaambia raia wake, "Chagueni mwingine." Wakachagua. Habari ya pili ikashuka: wa Bwawa la Kati walipoona hivyo, wakamwendea Nyati wote kwa pamoja, naye akang'atuka. Kila mnyama alitia kokoto shimoni, nyuma ya kichaka, bila kuonwa. Sasa huko wote wanakunywa maji safi.

Mama Kanga akaenda kwa Kiboko. "Mheshimiwa, na sisi tuchague."

Kiboko akacheka hadi bwawa likatikisika. "Haya! Asiyenitaka asogee, anitazame usoni, aseme."

Nani asogee? Wewe ungesogea? Hata mimi nisingesogea!

Hakusogea mtu.

"Mmeona? Nimeshinda."

"Umeshinda, Mheshimiwa," akasema Mama Kanga. "Ila majirani wanakusengenya. Ati Kiboko hapendwi, anaogopwa tu. Ati asipotazama, hachaguliwi."

"Nisipendwe mimi? Chimbeni mashimo! Mimi nazama, nyinyi chagueni!"

Yakachimbwa mawili nyuma ya kichaka, la "abaki" na la "atoke". Kiboko akawa wa kwanza kutia kokoto lake, kubwa kama boga, kwenye shimo la "abaki". Akazama. Wanyama wakaokota kokoto zao. Mara, puu! Kichwa hicho. "Bado?" Wakazitupa, wakatimua mbio. Akazama tena. Puu! "Bado?" Mbio! Akazama mara ya tatu. Puu! Mbio!

Shida ilikuwa hivi, wanangu: macho ya kiboko na pua yake viko juu ya kichwa, pamoja. Akitoa pua apumue, macho nayo yanatoka.

Mama Kanga akafikiri. Akakata majani mapana ya yungiyungi, akasuka taji.

"Mheshimiwa, anayechaguliwa huvaa taji."

Kiboko akainamisha kichwa. Taji likashuka, likafunika macho.

"Mbona giza?"

"Mfalme mkubwa, taji kubwa, baba. Tulia usiliharibu."

Akatulia. Ngiri akapita nyuma ya kichaka. Swala akapita. Hata ndege mla kupe, aliyeishi mgongoni mwa mfalme, akaruka taratibu, akapita.

Mashimo yakafunuliwa mbele ya wote. La "abaki": kokoto moja, lile la ukubwa wa boga. La "atoke": limefurika!

Wanyama wakatazamana. "Kumbe na wewe?" "Na mimi!" "Ah, nami nilidhani niko peke yangu!"

Kiboko akavua taji, akafunua kinywa, akanguruma. Ngiri alitaka kukimbia, akamwona Swala kasimama, akasimama. Swala naye alitaka kukimbia, akamwona Ngiri kasimama. Hakukimbia mtu. Kiboko akanguruma mara ya pili, sauti imepungua. Mara ya tatu ilitoka kama kikohozi.

Wakampa sehemu ya kuogea kule chini, maji yanakotoka bwawani, ajigeuze apendavyo. Wakamchagua Kongoni, kwa masika moja tu.

Kesho yake Kongoni akafika bwawani, shingo juu. "Subirini, kwanza ninywe mi..."

Wote wakamgeukia.

Kongoni akarudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa nasema, karibuni."

Mama Kanga akamsukuma yule kifaranga mdogo mbele, polepole. Kifaranga akajikongoja, akainama, akanywa. Maji yalikuwa maangavu hata akaona miguu yake mwenyewe, imesimama.

Ngano yangu imefika kwao. Aliyeisikia aichukue, aliyesinzia amwulize jirani.