Tikiti la Mapumziko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Uwanja wa mpira!
Wazazi wamekuja?
— Wamejaa tele!
Na akili zao?
— Wameziacha nyumbani!

Basi sikilizeni. Kiboko alikuwa kocha wa timu ya watoto wa porini. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa na tumbo kubwa na filimbi iliyolia pirrrr! mpaka ng'ambo ya mto. Wazazi wakiisikia wanasema, "Huyo ndiye kocha!" Mpira hajui, lakini nani aliuliza?

Kila mechi mzazi mmoja alileta tikiti, watoto wapoze koo wakati wa mapumziko. Nyati akaleta tikiti. Kiboko akalimeza, gubu! Twiga akaleta tikiti. Kiboko akalimeza, gubu! Watoto wakalamba midomo mikavu, na wazazi wakapiga makofi: "Kocha wetu ana afya!"

Chapu, mtoto wa Mama Kindi, alikuwa na mbio kuwashinda wote.

"Kocha, na mimi niingie?"

"Kaa benchi, kidudu wewe!"

Mechi nyingine: "Kocha, na mimi?"

"Kaa!"

Chapu akarudi nyumbani, akavua jezi, akasema hachezi mpira tena maishani. Maneno hayo yakamchoma mama yake.

"Mwanangu, nenda mechi moja tu. Tikiti la safari hii nalileta mimi."

Siku ikafika. Mapumziko yalipokaribia, Mama Kindi akamsogelea Kiboko.

"Shikamoo, kocha. Filimbi yako ina tope. Nikuoshee?"

Kiboko alizoea kuoshewa hata viatu na wazazi. Akaitoa bila kutazama. Mama Kindi akatoboa tikiti kwa meno, kru-kru-kru, akaisukumiza filimbi ndani, akaziba kwa ganda.

"Kocha, hili ni la watoto. Likate vipande, kila mmoja apate chake."

"Nitakata, mama, nitakata."

Alikata? Gubu!

Kipindi cha pili kikaanza. Kiboko akafungua mdomo kumtukana mtoto wa Nyati.

"We mzem—" Pirrrr!

Wachezaji wote wakasimama. Refa Korongo akamjia juu: "Filimbi uwanjani ni moja tu, yangu!"

"Si mi—" Pirrrr!

"Nje!"

Kiboko akatoka, kila hatua pirrr, kila hatua pirrr. Mtoto wa Nyati alikuwa hoi kwa kiu, akajitoa mwenyewe. Chapu akaingia, akapita katikati ya miguu ya beki Tembo, goli!

Wazazi je? Wakamkimbilia Kiboko! "Mmesikia? Anapuliza bila hata kushika filimbi! Huyu ni kocha wa kimataifa!" Wiki iliyofuata wakamletea matikiti mawili.

Mama Kindi akamshika mwanawe mkono, akampeleka timu ya Kobe. Kobe sauti hana, lakini tikiti hulikata mwenyewe, na kipande chake hukichukua mwisho. Huko Chapu anacheza kila mechi. Nafasi bado zipo tele, maana wazazi wanasema kwa Kobe ni kimya mno.

Hadithi yangu imefika golini. Nyama yake kuleni nyinyi, maganda niachieni mimi.

Na funzo? Mzazi, ukimtafutia mwanao kocha, usiulize kama mtoto anacheza, wala kama amekunywa maji. Wewe tega sikio. Filimbi ikilia sana, mwache mwanao hapo hapo.