Taa ya Kijani kwenye Waya Mfu

Ndugu zangu, leo sina mfano wa mkulima. Mkulima tumemchosha, kila Ijumaa tunamtuma shambani na jembe lake. Leo nina mfano wa laptopu, na msinicheke. Mimi ndiye niliyekaa saa sita kwenye uwanja wa ndege wa ugenini nikilaani mtandao wa watu, kumbe simu yangu nimeizima mawasiliano kwa mkono wangu mwenyewe. Basi msikilizeni mtaalamu wenu.

Kulikuwa na bwana mmoja, karani wa ofisi ya kutoa mizigo forodhani, kwenye mji wa mpakani. Mtu wa kazi, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Ila alikuwa na donda moja: miaka sita hajasema na mama yake. Baba yao alipofariki, yeye alichelewa maziko kwa sababu ya malori yaliyokwama mpakani. Alipofika, mama akamwambia mbele za watu, "Rudi kwa malori yako." Akarudi kweli, na hakuna aliyemtafuta mwenzake tena.

Siku moja dada yake akampigia.

"Mdogo wangu, mama anapasuliwa moyo Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Anataka kukuona."

"Kutoka huku nitafika lini, Dada?"

"Kwa picha, basi. Masikio yake yamekwisha, sauti haimfai kitu. Akiuona uso wako ukiomba radhi, atainua mkono kukupa radhi. Amesema mwenyewe."

Mnajua mkono ule maana yake nini. Kuna watu humu wangetoa kila walicho nacho ili wainuliwe mkono ule.

Alhamisi bwana yule alivaa kanzu yake ya Idi, akaketi ofisini mbele ya laptopu. Waifai hakuitaka. "Cha hewani ni cha kubahatisha," ndiyo kauli yake siku zote, na laptopu alikuwa ameipanga hivyo: waya ukichomekwa, ya hewani inajizima. Akachomeka waya kwenye kisanduku cha ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Roho ikamtulia.

Saa nne kamili akapiga. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka weee. Akachukua kisimu chake cha vitufe.

"Dada, mtandao wenu huko mbovu!"

"Mbona nimetoka kuongea na mjomba kwa picha sasa hivi?"

"Mimi taa yangu inawaka! Sogeeni dirishani."

Dada akasukuma kitanda mpaka dirishani. "Bado?" Bado. Akakisukuma mpaka barazani. "Bado?" Bado. Mgonjwa wa moyo, ndugu zangu, anazungushwa hospitali nzima kutafutiwa mtandao ambao alikuwa nao tangu mwanzo!

Bibi mmoja wa meza ya jirani akashindwa kuvumilia. "Kaka, chomoa huo waya. Ulipokuwa likizo ofisi ilihama kampuni ya mtandao. Kisanduku hicho wameshakikatia, kinakula umeme tu. Sisi sote tuko hewani na tunapata vizuri."

"Bibie, waya huu nimeutumia wewe hujaajiriwa. Taa huioni?"

"Taa naiona. Mama yako unamwona?"

Bwana akageukia kioo chake. Akaendelea kupiga. Dakika kumi nzima, mkono uko karibu na waya, na moyo haukubali.

Mwisho akachomoa. Hata jasho hajafuta, picha ikafunguka, safi, dada yake huyo. Kitanda hakipo.

"Wameshamchukua," dada akasema. "Aliinua mkono, mdogo wangu. Akakiinulia kioo cheusi. Kisha akaniuliza, 'Amekataa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Hasikii."

Mama hakutoka hai kwenye chumba cha upasuaji.

Msiniulize kama radhi zile zilifika. Sijui. Na bwana yule hajui, na atakaa na kutojua huko mpaka siku yake.

Nawasikia mnanong'ona: masikini, hakujua. Hakujua? Aliambiwa! Na sisi je, hatuambiwi? Tunaswali, tunafunga, majina yetu yamo kwenye kila kamati, tukijitazama tunaona kila kitu kinawaka. Nyumbani hatusemeshani. Ukiulizwa, unasema mwenzako ndiye mbovu. Asogee yeye, ahame yeye, aje yeye. Mimi ninayewahubiria nina kaka yangu wa tumbo moja, na mwaka wa tatu huu namsubiri asogee dirishani. Mke wangu ameniambia nichomoe. Nimemjibu kama bwana yule alivyojibu, na kwa ukali zaidi.

Kwa hiyo dua ya leo nitaifupisha. Kuna watu humu wanatakiwa wawe njiani kabla ya Alasiri, na mimi ni mmoja wao.