Parapanda ya Mchungaji Fisi

Paukwa.

Pakawa.

Mlioketi karibu na mlango, mko tayari?

Tayari tangu jana.

Haya, lakini msilitamke neno hilo upesi hivyo.

Hapo kale Fisi aliokoka. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Akavaa kola nyeupe, akapanda juu ya kichuguu, akahubiri.

"Bwana yuaja."

"Amina."

"Yuaja kama mwizi."

"Amina."

"Parapanda ikilia, kila mzazi amwache mtoto wake pangoni kwangu, afumbe macho, aondoke bila kugeuka nyuma. Watoto watapaa wa kwanza."

Kanga akalia. Swala akalia. Nyati akaitikia amina kwa kishindo. Mama Pimbi, mdogo kama kiatu, akamkumbatia mwanawe wa pekee, akatetemeka. Aliliogopa pango la Fisi. Tena aliogopa kwamba huenda Fisi anasema kweli.

Asubuhi moja Mama Pimbi alikuwa anaota jua juu ya mwamba, kama wafanyavyo pimbi wote kabla ya kwenda kula. Chini yake akamwona Fisi anasafisha pembe ya tandala. Fisi akaipuliza kidogo, pu. Akacheka, akaificha katika ufa wa mwamba, akaenda kuhubiri.

"Kumbe malaika mwenyewe ndiye huyu," akanong'ona Mama Pimbi.

Akambeba mwanawe mgongoni, akashuka, akaichomoa ile pembe. Kule kichuguuni mahubiri yalikuwa yamepamba moto. "Bwana yuaja," Fisi akanguruma.

Puuuuu.

Fisi akakatiza neno. Pembe yake iko mwambani, naye yuko hapa. Nani basi anapuliza?

Puuuuu.

Akapiga magoti palepale kichuguuni. Na desturi ya waliookoka, aliyoifundisha yeye mwenyewe, ni kutubu hadharani, kwa sauti, dhambi moja baada ya nyingine.

"Bwana, nihurumie," akalia, machozi chururu chururu. "Mtoto wa Swala hakupotea, ni mimi. Vifaranga vile ni mimi. Na pangoni nimeshatandika majani ya kuwalia juu yake hawa watoto wa leo."

"Vifaranga vya nani, Mchungaji?" Kanga akauliza polepole.

"Vyako, dada. Vyote. Bwana, nisamehe."

Nyati hakuitikia amina. Aliinamisha kichwa, akaja. Wengine wakafuata, ti ti ti, mpaka vumbi la Fisi likatua ng'ambo ya mto. Kola ikabaki kichuguuni.

Wanyama wakamsifu Mama Pimbi hadi wakachoka. Walipotawanyika, mwanawe akamuuliza, "Mama, mbona bado watetemeka? Fisi si amekimbia?"

"Fisi ametubu, mwanangu. Ametubu kwa machozi, mbele za watu. Mimi nilikuwa nyuma ya mwamba, nachezea parapanda. Bwana angefika saa ile, angemkuta nani yuko tayari?"

Mama Pimbi hakula siku hiyo. Alikaa juu ya mwamba akitazama mawingu, na kila upepo ulipovuma alimvuta mwanawe karibu zaidi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Utamu wake chukueni, uchungu wake niachieni. Na funzo lake ni hili: anayetaka kufika uzeeni asitubu mbele ya wenye pembe.