Jezi Moja, Walezi Watatu

Haya, kaeni vizuri. Leo sina sungura, sina fisi, wala sina mfalme mwenye binti mmoja. Nina jezi moja ya raga na watu watatu wanaoitaka, na wote watatu wana haki nayo. Anayetaka hadithi ya kumchekesha aende kwa jirani. Na wewe unayependa kujibu kabla hujaulizwa, ushike mdomo wako mpaka nimalize.

Magharibi mwa Kenya, kwenye nchi ya miwa, kulikuwa na klabu ya raga iliyoitwa Makapi. Iliitwa hivyo kwa sababu uwanja wake ulikuwa nyuma ya kiwanda cha sukari, pale makapi ya miwa yalipokuwa yakimwagwa. Kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, lakini vijana waliendelea kukimbia pale kila jioni. Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Nafuna, winga, mwepesi kuliko wavulana wengi. Kumwona akiondoka na mpira ilikuwa raha, nawaambia.

Lakini hakuna mtoto anayejikuza mwenyewe. Nyuma ya Nafuna walikuwepo watu watatu. Mwalimu Shivachi wa shule ya msingi alikuwa na jicho. Akimtazama mtoto akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, anajua huyu ni wa kukimbia, yule ni wa kusukuma. Achitsa, mwanamke na winga mkongwe wa Makapi, alikuwa na miguu iliyojua chenga ambazo hakuna kocha aliyezifundisha. Na shangazi Rispa, aliyemlea Nafuna tangu mama yake afariki, hakujua hata raga inahesabiwaje, lakini alikuwa na msimamo. Akisema ndiyo, hata mje na ng'ombe kumi hamumrudishi nyuma.

Sasa nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu. Makapi walikuwa na desturi yao. Mchezaji akiitwa timu ya taifa, jezi yake ya kwanza ya taifa hurudi nyumbani bila kufuliwa, na tope lake lote. Jumamosi inayofuata watu hukusanyika kwenye mfereji, yaani bomba la maji, ulio pembeni mwa uwanja. Mchezaji hutaja jina moja, moja tu, la yule aliyemlea kimchezo. Aliyetajwa huifua jezi ile kwa mikono yake mwenyewe, huianika kwenye nguzo ya goli, na ikikauka huenda nayo kwake. Hakuna kikombe wala hotuba. Aliyeifua ndiye mlezi, na ataitwa hivyo mpaka anaingia kaburini. Mara ya mwisho alitajwa fundi mmoja wa baiskeli. Alilia mpaka akasahau kuisuuza, akaianika na povu lake!

Nafuna aliiona siku ile akiwa mdogo, na tangu hapo hakutaka kingine. Shida ni kwamba walezi wake walikuwa watatu.

Mwalimu Shivachi ndiye aliyemgundua, na alimgundua vibaya. Nafuna alichelewa shule, mwalimu akamfukuza na kiboko kuzunguka madarasa yote, asimpate. Kesho yake asubuhi mtoto akaja akijua leo ni leo. Mwalimu hakuwa na kiboko. Alikuwa na mpira wa raga uliochakaa. "Unikimbie tena kama jana," akamwambia, "ila ushike huu." Alimfundisha kudaka, kutoa pasi, na kuanguka juu ya makapi ya miwa bila kuumia. Wazazi wengine wakalalamika kwamba anachelewesha wasichana jioni, ana nia gani huyo. Akahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Unadhani aliacha? Kila jioni alirudi kwa baiskeli, amelowa jasho, kumfunza Nafuna. Watoto wote aliowafunza kabla yake waliishia kukata miwa au kwenda Nairobi kuuza mitumba. Nafuna ndiye pekee aliyefika, na mwalimu mwaka huo huo alikuwa anastaafu.

Achitsa naye alimtengeneza. Alimchukua akiwa winga wa kukimbia mbele tu kama ndama aliyekata kamba, akamfundisha kusimama ghafla, kumsoma adui mabega, kumpiga chenga na kumwacha akikumbatia hewa. Kisha ikaja siku ambayo wateuzi wa timu ya taifa ya wanawake walifika Makapi kutazama mechi. Hawakuwahi kuja kabla, hata yule mchezaji wa fundi wa baiskeli walimwona Nairobi, na hawakuja tena. Nafasi ya winga ilikuwa ya Achitsa, na umri wake ulikuwa unamwambia hii ndiyo ya mwisho. Asubuhi ile akamwambia kocha kifundo cha mguu kinamuuma. Uongo mtupu! Alikaa kwenye benchi amejifunga bendeji kwenye mguu usio na kasoro yoyote, akamtazama Nafuna akichukua nafasi yake na kufunga trai tatu, mpira mara tatu nyuma ya mstari wa wapinzani. Usiku huo hakula. Hilo alilijua mumewe peke yake.

Na shangazi? Ukoo ulipoona Nafuna anarudi nyumbani ana tope mpaka masikioni na goti limechubuka, wakakaa kikao. Baba mkubwa wa Nafuna, mwenye boma, akasema, "Msichana anayegaagaa chini na wenzake nani atamwoa? Aache, au mhame." Shangazi Rispa hakubishana. Aliinuka, akafunga godoro, akamshika mtoto mkono, wakahama. Aliacha shamba alilolilima tangu usichana wake, mahindi yakiwa yanataka kukomaa, akaenda kupanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusagia unga. Kazi za nyumbani za Nafuna alizifanya yeye ili mtoto awahi mazoezi. Nguo za mazoezi alizifua yeye, kila siku, vumbi la kinu likizirudia kabla hazijakauka.

Sasa mtoeni mmoja. Mtoe mwalimu, Nafuna asingegusa mpira. Mtoe Achitsa, asingeonekana. Mtoe shangazi, angekuwa ameshaolewa, analea. Mnaona ilivyokuwa?

Basi Nafuna akaitwa. Mechi ilichezwa Nairobi, siku ya mvua, uwanja umekuwa tope tupu. Aliingizwa kipindi cha pili. Akapokea mpira wake wa kwanza, akampiga chenga wa kwanza, akampiga chenga wa pili, akaenda kuulaza nyuma ya mstari. Watu wa Makapi waliokuwa wakisikiliza redioni walirukaruka mpaka meza ikavunjika. Mpira wa pili aliopokea, wakamwangukia wawili kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Goti likageuka upande lisikogeukia.

Daktari hakumzungusha. "Utatembea," alimwambia. "Kukimbia, usahau." Nafuna akamwuliza kama baada ya mwaka. Daktari akarudia neno lile lile. Hivyo mechi yake ya kwanza ikawa ndiyo ya mwisho, na jezi ile ikawa ya pekee. Si kwake tu, hata kwa Makapi ilikuwa ya mwisho. Wiki hiyo hiyo uwanja wa Makapi uliuzwa, na mwenye kuununua alitaka kujenga maghala. Tingatinga lingeingia Jumamosi mchana. Wasichana wadogo waliokuwa wakifanya mazoezi pale hawakuwa na pa kwenda, na hakuna aliyekuwa anawatafutia. Kama jezi itafuliwa pale, ifuliwe Jumamosi asubuhi.

Nafuna akarudishwa nyumbani na magongo mawili na begi. Alilala kutwa nzima kwa dawa alizopewa. Alipoamka akatazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi. Kwenye kamba ya nguo, katikati ya nepi za mtoto wa jirani, ilikuwa inapepea jezi yake. Nyeupe pe! Haina hata doa.

"Shangazi!" akapiga kelele. "Shangazi, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?" Shangazi aliingia akijifuta mikono kwenye leso. "Ilikuwa inanuka, mwanangu. Ulitaka niiache ioze kwenye begi?"

"Hujui desturi ya klabu?"

"Mimi ninajua nguo chafu hufuliwa."

Nafuna alimtazama usoni. Alikumbuka vizuri siku ya fundi wa baiskeli. Alikuwa amebebwa mabegani ili aone, na mabega yale yalikuwa ya shangazi, na shangazi alipiga vigelegele kuliko wote. Alisahau? Au hakusahau? Hakuthubutu kumwuliza. Aligeukia ukuta akalia, maana tope la mechi yake moja lilikuwa limekwenda na maji ya beseni, na tope jingine hatalipata.

Maneno hayakai ndani. Ijumaa ilipofika, mji mzima ulijua. Jumamosi, asubuhi ikielekea mchana, Nafuna alifika uwanjani na gongo moja, jezi ikiwa imekunjwa kwapani. Watu walikuwa wachache. Walezi wote watatu walikuwa wamekuja. Ng'ambo ya nguzo za goli, tingatinga lilikuwa limeegeshwa, dereva wake amekaa kivulini akitafuna muhindi wa kuchoma.

Mlidhani watasukumiana heshima, eti mpe mwenzangu, mimi sitaki? Weee! Hakuna aliyesema hivyo. Walikuwa wamepoteza vingi mno, na hawakuwa na subira ya adabu.

"Mimi nimekuja na sabuni yangu," alisema Mwalimu Shivachi. Alitoa kipande kilichofungwa kwenye gazeti. "Nimefunza maisha yangu yote, Nafuna. Nikistaafu bila hii, watasema nilikuwa mtu wa kupoteza muda wa watoto."

"Na mimi?" Achitsa akadakia. "Jezi hii ningeivaa mimi, mwalimu. Mimi! Sikuivaa ili aivae yeye. Nimeomba kuifua tu, hata hilo ni kubwa?" Kisha akamgeukia shangazi, macho mekundu. "Lakini wengine wamejichagulia. Wameifua kwa siri nyuma ya nyumba."

"Haikuwa siri," shangazi akasema. "Niliianika nje."

"Ulijua desturi, mama, au hukujua?" Achitsa akamwuliza.

 Shangazi Rispa alishusha leso kichwani, akaifunga upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Na kama nilijua?" akasema. "Nguo za huyu mtoto za raga nimezifua mimi. Za mazoezi, za mechi, za mvua, za kiangazi. Hakuna aliyeniita kwenye mfereji huu kunishangilia. Leo imekuja moja nzuri, ndiyo mnasema si kazi yangu? Mimi sina shamba. Sina ukoo. Huyu mtoto hatakimbia tena. Mlitaka nibaki na nini?"

Nafuna akahisi goti linamuuma kuliko siku lilipovunjika. Akajaribu njia. "Tuikate vipande vitatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ikikatwa ni tambara," Achitsa akajibu. "Tambara ninalo jikoni." Mwalimu na shangazi hawakumpinga.

Mwenyekiti wa klabu akatoa rai yake. Desturi inataka jezi yenye tope, akasema, na hii haina. Basi ipakwe tope la uwanja huu, ambalo nalo ni la mwisho, kisha Nafuna ataje jina, na aliyetajwa aifue upya. Achitsa akainama hapo hapo akachota tope. Shangazi akamshika mkono. "Ukiipaka," alimwambia, "ni kana kwamba mikono yangu haikuigusa." Mwalimu alikuwa ameshafungua sabuni, hajui aishike au airudishe mfukoni.

Kule ng'ambo, dereva alitupa gunzi, akapanda, akawasha mtambo. Aliinua mkono kuwaonyesha kwamba saa zake zimefika. Mwenyekiti akafungua mfereji, maji yakaanza kumwagika bure kwenye saruji. "Nafuna," akamwambia, "sema, mama. Hatuna muda."

Nafuna akawatazama. Aliona kwamba jina lolote atakalotaja, atapoteza watu wawili kati ya watatu alio nao duniani, na atakayebaki atabaki akijua wenzake wanamlaani. Akinyamaza, tingatinga litapita na desturi itakufa pale, na hakuna mlezi atakayewahi kuitwa mlezi.  

Haya, sasa ni zamu yenu. Msiniambie wapewe wote, jezi ni moja. Msiniambie aiweke kabatini, mtu asiyetaja jina amewakana wote. Shangazi ameshaifua: je, hilo linampa haki, au linamnyang'anya? Ipakwe tope upya, au ibaki ilivyo? Na jina ni la nani: aliyemwona, aliyempisha, au aliyehama naye? Maji yanamwagika, mtambo unakuja, na msichana amesimama pale kwa mguu mmoja. Wewe uliyekuwa na haraka ya kujibu, ungemtaja nani?